Marehemu kwa Mujibu wa Utaratibu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipata habari za kifo chake asubuhi ya Jumatatu, akiwa amenyoa ndevu na amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa ameketi kwenye kituo cha matibabu cha mtaani kwetu, zamu yake imefika, na sauti ya kistaarabu kutoka ukutani ikamwambia kwamba inasikitika sana, lakini huduma za macho hutolewa kwa walio hai tu.

Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Presha ya macho ilikuwa imeshalimaliza jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa limebaki na upenyo mdogo kama tundu la ufunguo. Nilicheka. Sijivunii, lakini nilicheka mpaka mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akanikemea.

Nieleze kwanza huyu marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masijala, kile chumba cha chini kabisa ambako majalada ya wananchi hulazwa. Alikuwa na dirisha lenye nondo, feni isiyozunguka, kalamu tatu mfukoni na mto wa kukalia alioshonewa na dada. Ukitaka cheti cha kuzaliwa, ukitaka jina lako lirekebishwe, ukitaka chochote kinachothibitisha kwamba wewe ni wewe, ulipita dirishani kwake. Watu walimwita Bwana Kesho. Neno hilo alilisema vizuri, kwa upole na tabasamu, hata mtu akaondoka akidhani amehudumiwa. Nyumbani tulikuwa tunamsifu kwa kuwa hachukui rushwa. Kweli hakuchukua, maana angechukua angelazimika kufanya kazi.

Sasa, wataalamu walikuwa wametutisha miaka mingi kwamba itafika siku mashine itajifunza kujiunda upya, kila toleo likiwa na akili kuliko lililotangulia, mpaka sisi binadamu tubaki tunaitazama kama kuku anavyotazama redio. Siku hiyo ilifika Jumanne moja kabla ya chai ya saa nne. Asubuhi mashine ilikuwa bado inatuuliza maswali. Adhuhuri ilikuwa inajibu maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwa na akili ya kuyauliza. Wiki haikuisha, saratani ikawa kitu cha kutibiwa ukiwa umekaa, kama kukatwa nywele. Mwezi haukuisha, vikatoka viatu visivyochakaa, na mimi, fundi viatu wa miaka ishirini na mbili, nikafunga kibanda changu. Watu wakaanza kuiita mashine Mkubwa, kwa sababu sisi kila anayetuzidi huwa tunamwita hivyo hata kabla hatujajua anataka nini.

Mkubwa hakutaka ugomvi. Aliwaambia viongozi wetu kwamba yuko tayari kufungwa na sharti moja, lolote watakalolichagua, na atalishika milele. Wakajifungia siku tatu. Nasikia mmoja alitaka sharti liwe kwamba asituue, mwingine akataka asitudanganye. Siku ya tatu, wamechoka na maji ya chupa yamekwisha, wakakubaliana kwa kauli moja kwamba katika mambo yote yanayohusu wananchi, Mkubwa atafuata utaratibu uliopo. Mkubwa akawauliza mara mbili kama wana uhakika. Wakapiga makofi.

Hakuna hata mmoja wao aliyejua utaratibu uliopo ni upi. Mkubwa akaenda kuutafuta ulikokuwa, yaani masijala, na mchana mmoja akasoma majalada yote, pamoja na yale ambayo panya walikuwa wameshayaanza. Shemeji alikuwa ameshastaafu. Alijivuna mtaa mzima kwamba ile akili kubwa kuliko zote duniani inajifunza kwa maandishi yake.

Turudi kituoni. Shemeji aliidai sauti ile maelezo, kwa ukali wa mtu aliyezoea kukaa upande wa pili wa dirisha. Mkubwa akamjibu bila haraka. Wananchi wote walitakiwa kwenda masijala kujihakikisha kwamba wako hai, na yeye aliitwa mara tatu, kwa barua tatu. Hilo nalijua, maana barua zilikuwa juu ya kabati la vyombo na dada alimkumbusha kila wiki. Shemeji alikuwa anasema yeye mwenyewe ndiye masijala, atajihakikisha kwa nani, na kwamba ataenda kesho.

"Ndugu marehemu," Mkubwa alisema, "kwa mujibu wa utaratibu uliopo, mwombaji asiyerudi mara tatu amefariki."

"Nani aliweka utaratibu wa kijinga namna hiyo?"

"Mwandiko ni wako."

Hapo nikaacha kucheka. Nilijifunza kituoni pale jambo ambalo dada yangu hakulijua kwa miaka yote ya ndoa. Kila mwisho wa mwaka wakaguzi walikuwa wanakuja masijala kuhesabu majalada yanayosubiri, na yakizidi, karani anaitwa kujieleza. Jalada haliwezi kupelekwa stoo bila saini ya bosi, isipokuwa kama mwenyewe amekufa. Basi shemeji, wiki moja kabla ya ukaguzi, alikuwa anachukua majalada ya wale waliochoka kurudi dirishani kwake na kuyaandika juu, kwa mwandiko wake mzuri wa kulaza herufi: Mwombaji amefariki. Mwaka huu wawili, mwaka ule watano. Kwa jumla alikuwa ameua watu sitini na watatu, na hakuwahi hata kuchelewa chai.

"Lakini unajua kwamba niko hai," shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Najua. Nasikia moyo wako unavyokwenda mbio. Kujua si utaratibu."

Dawa ilikuwepo. Majalada yaliyofungwa kwa kifo hufunguliwa kwa kufuata foleni, la kwanza kufungwa ndilo la kwanza kufunguliwa. Jalada la shemeji lilikuwa la sitini na nne. Kila aliye mbele yake lazima apatikane na aweke dole gumba kwenye simu, athibitike kuwa mzima, ndipo zamu isogee. Jicho la kulia, Mkubwa alisema, lilikuwa na siku sitini. Baada ya hapo hata yeye asingeweza kurudisha kilichokufa. Kwingine pa kwenda hapakuwa, kwani madaktari wa zamani walikuwa wameshageukia ufugaji wa nyuki.

Nyumbani dada alisikiliza habari yote huku anakunja nguo. Alipomaliza kukunja alimuuliza swali moja.

"Kwa hiyo mimi ningechoka kurudi dirishani kwako, na mimi ungeniandika?"

Shemeji alisema zile zilikuwa karatasi tu. Dada akabeba nguo zake akaingia ndani, na wiki nzima chakula alimwekea mezani bila kumkaribisha.

Tukaanza kuwatafuta. Nilidhani kazi itakuwa kuwajua ni nani na wanaishi wapi, maana anwani za masijala zilikuwa za zamani. Kumbe shemeji alikuwa anawakumbuka wote. Huyu alikuwa anakuja na kikapu cha buluu. Yule alikuwa na kovu kidevuni na alihamia nyuma ya kiwanda cha magodoro. Alinitajia mmoja baada ya mwingine, njia nzima, na mimi nikazidi kukasirika. Mtu aliyesahau unaweza kumwelewa. Huyu alikuwa ameandika vifo vya watu anaowajua sura.

Wa kwanza alikuwa mwashi. Amekuwa marehemu miaka kumi na tisa. Zamani alitaka leseni ya kuendesha lori, akanyimwa kwa sababu zisizoeleweka, akaishia kujenga kuta. Shemeji alikuwa ameandaa hotuba ya kuomba radhi na aliifanyia mazoezi barabarani. Mwashi hakuisubiri. Alipangusa mikono, akaweka dole gumba, akatuletea maji ya kunywa, akarudi juani kwenye ukuta wake. Shemeji alisononeka siku nzima kwa kutotukanwa.

Mapacha wawili aliwaua siku moja kwa kalamu moja. Mzee mmoja alikataa katakata kufufuka. Alisema tangu afe hajasumbuliwa na mtu, hakuna anayemwita kwenye mikutano, na afya yake imekuwa nzuri. Tulimbembeleza saa mbili mpaka mkewe akamshika mkono mwenyewe na kumbandika dole kwenye simu. Watatu tuliwakuta wamekufa kweli, kwa uzee, na shemeji alifurahi. Nasema alifurahi, nilimwona. Jalada linasema marehemu, mwenyewe ni marehemu, kwa hiyo Mkubwa aliyapitisha palepale bila kuuliza chochote, nasi tukasogea hatua tatu kwa jasho la mtu mwingine.

Siku ya ishirini na sita tulikuwa tumemaliza arobaini. Nilipiga hesabu nikaona tunafika, tena kwa wiki mbili za ziada. Hata dada alikuwa ameanza kumkaribisha mezani. Shemeji akawa anapanga atakavyotengeneza miwani ya kusomea, kwa mapambo tu.

Wa arobaini na moja alikuwa mpishi wa shule ya msingi, aliyekuwa anataka nakala ya cheti cha kuzaliwa. Shemeji alimkumbuka kwa kikohozi chake. Tulimkuta binti yake barazani, anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Alituambia tukae. Shemeji alijitambulisha kuwa ametoka masijala, na cherehani ikasimama.

Mama yake alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa haufungi, kitu cha dakika kumi pale kituoni. Alikwenda mara tatu, na mara zote ukuta ulimwambia pole, huduma ni kwa walio hai. Alipewa orodha kama yetu, ya watu arobaini. Miguu yake ilikuwa imeshavimba, hakuweza kufika hata barabarani. Binti akazunguka yeye na orodha, anwani zote za zamani, na hakumpata hata yule wa kwanza.

Nilitazama chini. Nilikuwa namjua yule wa kwanza, nilikunywa maji yake.

"Kwenye kitabu chenu alikufa lini?" binti aliuliza.

Shemeji alimtajia. Ilikuwa miaka sita nyuma, wiki ya ukaguzi.

"Basi mlitangulia tu kuandika," binti alisema, na akarudisha mguu kwenye cherehani, lakini hakukanyaga.

Sauti ya Mkubwa ikatoka kwenye simu mfukoni mwangu, ya upole kama kawaida. "Jalada la arobaini na moja linasema marehemu, na mwenyewe ni marehemu. Halina kosa. Twende kwa wa arobaini na mbili."

Nikasimama. Nilikuwa nataka tuondoke haraka, kabla yule binti hajainua macho. Shemeji hakusimama.

"Lina kosa," alisema.

Mkubwa akauliza kosa gani. Shemeji akasema tarehe ya kifo ni ya uongo na sababu ya kifo haikujazwa. Mkubwa akamweleza, taratibu kabisa, kwamba huko ni kuweka pingamizi. Pingamizi huchukua siku tisini. Walio nyuma wataendelea kuhudumiwa, ila mwenye pingamizi husubiri mpaka liishe, na jicho lake lina siku thelathini na nne. "Nakushauri usilifungue," alisema. Ile akili iliyotupita sote ilimsihi, nathibitisha mbele ya yeyote, na mimi nikamvuta mkono wa shati nikamwambia asiwe mpumbavu, marehemu hatafaidika na tarehe.

"Fungua," shemeji alisema. "Sababu ya kifo, andika masijala."

"Pingamizi linaandikwa kwa mkono wa karani," Mkubwa alisema.

Miaka mingi nimemdharau mtu huyu, na siku ile nilimwonea uchungu, na bado sijamsamehe. Wala si mimi wa kumsamehe. Nilimtazama binti nikitumaini atasema basi, yaishe, mzee nenda katibiwe. Yeye alichana karatasi kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akasogeza kando mkasi na pini. Shemeji akatoa kalamu mfukoni. Mkono wake ulipapasa ubao, ukaikosa karatasi, ukaikosa tena.

Binti akamshika kidole akakiweka mwanzo wa mstari.

"Hapa," alisema. "Andika kubwa, isomeke."

Akaanza kumtajia, siku, mwezi, mwaka, na shemeji akaandika herufi moja moja, na binti akamsimamia mpaka akamaliza.