Prufu ya Kigujarati pale Nyamisangura

Siku yangu ya kwanza katika duka la chapa pale Nyamisangura, meneja alinipa sheria kabla ya kiti. "Mura, hapa kadi haichapwi mpaka mwenye lugha yake asome prufu kwa sauti." Prufu, vijana, ni karatasi ya majaribio ya kukamata makosa. Za Kikurya nilisoma mwenyewe, za Kijaluo alisoma fundi wa mashine. Nikazeeka na sheria hiyo bila shida.

Nikiwa karibu kustaafu akaja Mama Nilesh wa duka la vifaa vya ujenzi. Mumewe, Kishor, alikuwa amefariki. Alitaka kadi ya kumbukumbu ya Kigujarati, lugha ambayo yeye haisomi.

"Ni ya mama mkwe," alisema. "Anaumwa, hata msibani hakufika. Anataka asome jina la mwanawe kwa macho yake."

Shemeji yake wa Mwanza alituma maneno kwa simu. Kwenye simu yalikuwa mazuri. Kwenye kompyuta yangu yakawa visanduku vitupu. Nilikosa fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi. Nikashusha moja ya bure mtandaoni. Visanduku vikawa herufi, lakini katikati vikatokea viduara vya nukta. Jamani, fonti ya Kigujarati, maneno ya Kigujarati, sasa viduara vya nani?

"Chapa tu," meneja akasema. "Nani atasoma huku Tarime?"

Nilikasirika, maana sheria ni yake. Nikampelekea yule bibi, mama mkwe, prufu. Akalitazama jina la mwanawe, akanirudishia.

"Huyu simjui," alisema kwa Kiswahili. Mama Nilesh akageukia ukutani. Niliumia.

Nikashusha fonti nyingine na nyingine, zote za bure. Kwenye moja viduara vilitoweka, ila alama nyingine ziliruka mahali pake, na herufi zikamezana. Nikaona hii ndiyo mbovu kabisa. Nikaipeleka hivyohivyo, kichwa kinaniuma.

Bibi akaweka kidole, akasoma polepole kwa sauti. Akafika mahali, akasimama. "Kishor," akasema. Akarudia, "Kishor, Kishor," huku analia.

Sasa nimestaafu, niko Morotonga. Mnaniambia fonti za Kiarabu na za Kihindi zimejaa mtandaoni, bure, unachagua tu. Sawa, lakini utachaguaje usichoweza kusoma? Mimi bado sielewi. Ile prufu niliyoiona mbovu, bibi alikataa kunirudishia, na Mama Nilesh aliniambia bibi alifariki ameishika.