Makro ya Bi Kimya

Kazini walimwita Bi Kimya, maana angeweza kufika saa ya chakula bila kufungua mdomo ila kupiga miayo. Kazi yake ilikuwa kuandika maktaba za programu, yaani vipande vya kodi, maagizo ya kompyuta, ambavyo programu nyingine huja kuazima. Mwaka huo aliandika moja ya nyumbani: unaweka karatasi kwenye skana, kompyuta inakusomea kwa sauti. Ilikuwa ya baba yake, karani mstaafu aliyepoteza nuru ya macho, ambaye kila barua yake ilimngoja binti hadi Jumamosi.

Kwenye kompyuta ya kazini ilisoma kama mtangazaji wa redio. Kwenye ya baba, ya aina nyingine, ikagoma. Ilidai kwamba ndani ya maktaba hamna kazi yoyote iitwayo "soma".

"Si ulisema dakika tano?" baba aliuliza kutoka kitini.

"Vuta subira, Baba."

"Nimeivuta tangu asubuhi. Itakatika."

Bi Kimya akafungua faili la kichwa, pale kazi zote za maktaba zinapotangazwa. Juu kabisa alikuwa ameweka makro fupi, neno moja linalosimama badala ya maneno mengine, TOA, ya kubandikwa mbele ya kila kazi inayoruhusiwa kuonekana nje. Kila kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, ina maneno yake ya kusema hivyo, na makro ndiyo inayochagua. Kompaila ya kazini huacha kila kitu wazi hata usipoiambia. Ile ya kwa baba hufungia kila kitu ndani. Na upande wa hiyo ya pili Bi Kimya alikuwa ameuacha mtupu, akaandika: nitajaza kesho. Kesho hiyo ilikuwa na miezi minne.

Alijicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mtu makini kama yeye hasahau hivihivi. Alizipenda Jumamosi zile, baba ameinamisha kichwa akimsikiliza, akimhitaji. Iliuma kukiri hivyo. Akajaza mstari mmoja, akajenga maktaba upya.

Barua ya ofisi ya maji ikasomwa yote, hadi cheo cha aliyetia sahihi. Baba akapiga meza kwa furaha. Kisha akapapasa droo, akatoa bahasha iliyochakaa.

"Ya mama yako, kabla hatujaoana," alisema. "Aliipiga taipu, si unamjua. Tangu macho yazime sijaisikia."

"Baba, si ungenipa tu nikusomee?"

"Ningekupaje wewe? Nenda kachemshe chai, mwanangu. Na ufunge mlango."

Jikoni, sauti ya mashine ilipoanza kupenya ukutani, Bi Kimya alifungua bomba la maji hadi mwisho, asisikie.