Pini ya Winchi ya Jairo

Siku Jairo anakufa, watu walikuwa wanapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Sijakosea kuandika. Nitaeleza taratibu, na nikimaliza mkitaka kunitukana nitukaneni, ni haki yenu.

Mwaka 2006 nilikuwa Tunduma. Mimi ni mtu wa Kondoa, niliingia mpakani kutafuta maisha kama wengine, nikaangukia kwa Mzee Sufiani. Huyu mzee alikuwa na magari mawili ya winchi, yale ya kuvuta malori yaliyoanguka au kuzama kwenye tope.

Moja jipya, moja la zamani.

Jipya nilipewa mimi. La zamani alikuwa nalo Jairo, Mnyiha wa Mbozi, mtu mzima kunizidi miaka kumi, mpole mpaka unamwonea huruma.

Winchi yangu ilikuwa ya haidroliki. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha drami, lile pipa la kukunjia waya. Unasimama pembeni na liva zako, unavuta polepole, unaachia polepole, lori linapanda kutoka mtaroni bila kushtuka. Nilikuwa nafanya kazi nimevaa shati jeupe, nauza sura kabisa.

Ya Jairo ilikuwa ya shafti. Injini inazungusha gia, gia inazungusha shafti, shafti inazungusha drami. Huyo lazima akae ndani ya gari, mguu kwenye klachi, shingo imegeuka nyuma anatazama waya kwenye kioo. Ikianza kuvuta inashtuka, lori zima linatikisika.

Lakini niseme ukweli ambao sikuwahi kuusema enzi hizo. Ile mashine ilikuwa na nguvu. Yangu ikivuta saa nzima mafuta yanachemka, inalegea, mipira inaanza kutoa jasho. Ya Jairo ilivuta asubuhi mpaka jioni na wala haikujali jua.

Shida yake ilikuwa pini.

Kwenye ile shafti kulikuwa na pini ya chuma laini, nene kama kidole cha mwisho. Imewekwa makusudi. Mzigo ukizidi, pini inakatika, winchi inasimama, waya unabaki mzima. Jairo anashuka, anaweka pini nyingine, anatafuta namna nyingine ya kuvuta.

Ikikatika inatoa mlio mkali, kila mtu anasikia. Basi hapo ndipo nilipokuwa napatia raha.

"Oya, bibi kizee kavunjika kiuno tena."

Madereva wanacheka. Wazambia nao, hata wasioelewa, wanacheka kwa kuwa wenzao wanacheka. Jairo anatabasamu, anafuta mikono kwa kitambaa, anainama kubadilisha pini yake.

Nilikuwa nampiga madongo kila siku. Nilidhani ni utani. Kumbe Mzee Sufiani alikuwa anausikiliza ule utani kwa sikio la biashara.

Siku moja akatuita wote wawili gereji.

"Jairo, wateja wananiambia winchi yako inaogopa mzigo. Pini ikikatika tena mbele za watu, lile gari naliuza vyuma chakavu."

"Mzee, pini ile ndiyo kinga yake," Jairo akasema.

"Mbona ya Yassir haikatiki?"

Jairo akanitazama. Nikaangalia viatu vyangu. Gari likiuzwa Jairo hana kazi, na mkewe Recho alikuwa na mimba ya miezi saba. Nililijua hilo, nilikuwa nakula kwao karibu kila Jumapili.

Haikupita wiki. Lori la Mzambia lililobeba shaba likatoka barabarani pale kwenye mteremko kabla ya Chapwa, likalalia ubavu kwenye korongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Foleni ikaziba pande zote mbili, watu wakashuka kwenye magari kuja kutazama.

Nikaanza mimi. Nikavuta, lori likainuka kidogo, likakwama. Nikavuta tena. Baada ya saa nzima hivi mashine ikasimama. Injini inanguruma, pampu inalia, waya hausogei hata inchi moja.

Dereva wa lile lori akanisogelea na adabu yake ya Kizambia. "Bwana, mukwai, vipi, imeshindwa?"

"Haijashindwa. Naangalia mzigo ulivyokaa."

Mzee Sufiani akampungia Jairo mkono.

Jairo akarudisha gari lake nyuma, akafunga waya, akapanda. Kabla hajafunga mlango akaniambia, "Kaka Yassir, leo utaniheshimu." Alikuwa anacheka. Sikumbuki kama niliwahi kumwona anacheka akiwa kazini.

Akaachia klachi.

Waya ukakaza. Kila mtu akasubiri ule mlio wa pini. Haukuja.

Lori likasogea. Likasogea tena. Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine, korongo zima likawa linapiga makofi. Mzee Sufiani naye anapiga. Na mimi nikapiga, maana nisingepiga ningeonekana nina wivu. Nilikuwa nao.

Kazi ya waya naijua. Nilisikia injini ya Jairo inavyozama, nikasikia waya unavyoimba. Hapo mtu wa winchi hupiga kelele ya kusimamisha. Mimi nilikuwa nawaza nitaanza vipi kesho kumtania, maana pini yake imeshinda.

Waya ukakatika upande wa lori. Ukarudi.

Ulipita kwenye kioo cha nyuma, pale pale alipokuwa amegeuza shingo. Sitaandika nilichokiona nilipofungua mlango.

Tulipokwenda kuangalia shafti tukakuta hakuna pini. Kulikuwa na bolti la springi za lori, chuma kigumu ambacho hata tindo la fundi halikiwezi. Mwenyewe alilikata kwa msumeno, akalichonga, akalipachika. Mzee Sufiani akatikisa kichwa. "Amejiua mwenyewe kwa uzembe." Hilo neno likaenda mpaka mpakani, kila mtu akalibeba hivyo hivyo.

Tukamzika kwao Mbozi, nyuma ya mikahawa ya baba yake. Siku ya tatu ya matanga Recho akaniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, tumbo limemzidi, macho yamekauka.

"Shemeji, nataka kuuliza kitu. Watu wanasema mume wangu alikuwa mzembe."

"Waache waseme, shemeji."

"Ile siku Mzee Sufiani aliposema atauza gari, jioni mume wangu alirudi akaniambia amekuuliza wewe. Kwamba kwenye winchi yako ile kinga imekaa wapi, maana hajawahi kuiona ikikatika. Akasema ulimjibu haipo. Kwamba pini ni ushamba wa mashine za zamani, winchi ya maana haina kitu hicho, waya peke yake unatosha. Akasema waya zenu zina unene mmoja. Akalala anawaza. Asubuhi akaenda kutafuta bolti."

Nikasogeza kuni zilizokuwa zinatoka mekoni.

"Ni kweli ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Na ni kweli yako haina?"

Jamani.

Winchi yangu ilikuwa nayo. Si pini, ni vali, imejificha pembeni ya pampu, ndogo tu. Mzigo ukizidi inafunguka, mafuta yanarudi kwenye tangi, mashine inasimama. Ndiyo maana siku ile korongoni ilisimama. Ilikuwa imegoma, vile vile ambavyo pini ya Jairo ilikuwa inagoma, na ilishagoma mara nyingi kabla. Tofauti ni kwamba yake ikigoma inasikika na watu wanacheka, yangu ikigoma inanyamaza na mimi nabaki nimevaa shati langu jeupe.

Jairo aliponiuliza nilikuwa naijua ile vali. Nilificha kwa sababu nilitaka niendelee kuwa yule ambaye mashine yake haishindwi.

Recho alikuwa bado ananitazama.

"Haina, shemeji," nikamwambia. "Ila yeye hakutakiwa kuiga. Mashine ni tofauti."

Akainamisha kichwa. Akasema, "Basi ni yeye." Akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Niliondoka Tunduma mwezi uliofuata. Nilisikia alijifungua mtoto wa kike. Sijui jina lake, sikuthubutu kuuliza.

Wewe unayesoma hii, mwenzako akikuuliza jambo la kazi, mpe ukweli hata kama ukweli huo utakupunguza mbele ya watu. Na ukimwona mtu anasema hapa nimefika mwisho, usimcheke. Anaweza kukuamini, akaenda kuharibu kile kilichokuwa kinamlinda.

Mimi simu hii nimenunua juzi, na kuandika humu mtandaoni nimefundishwa na mwanangu. Hili ndilo nililotaka kuandika kwanza.

Recho, kama uko humu, au kama kuna mtu wa Mbozi anayekufahamu akusomee: winchi yangu ilikuwa nayo kinga. Mumeo aliuliza vizuri, kwa mtu aliyemwamini. Hakuwa yeye.