Kadi ya Muuza Vitenge

Jirani yangu muuza vitenge, hapa Mtaa wa Kongo, simu yenye bitkoini zake huiacha nyumbani Mbagala, eti vibaka wa Kariakoo wasije wakamfilisi. Hapo nampa haki yake. Anachotembea nacho ni kadi aliyoipiga plastiki, yenye anwani ndefu ya kupokelea pesa hizo. Mteja wa Lubumbashi akimpigia kwenye kiswaswadu chake, anaichomoa kifuani, anaisimamisha puani kama kioo cha kunyolea, anaizungushia kiganja tusiione, kisha anaisoma herufi mojamoja kwa sauti ya mnadani. "B kubwa! Siyo hiyo bwana, kubwa!" Robo saa nzima. Nimemweleza mpaka koo limekauka: anwani ni kama lipa namba, ibandike ukutani, anayeiona atakuletea pesa tu, hawezi kuchukua. "Wewe hujaibiwa," hunijibu.

Juzi nilikaa mbele yake akiisoma. Nyuma ya kadi, upande uliotutazama mimi na wapita njia wote, palikuwa na maneno kumi na mawili kwa kalamu nyekundu, yamepangwa kwa namba. Ni maneno ya siri ya pochi yake ya bitkoini. Anayeyajua anaifungua pochi yote popote alipo na kuikomba. "Geuza!" nikapiga kelele. "Geuza hiyo kadi!" Akaikumbatia kifuani, wekundu ukiangalia barabarani, akanikazia macho.

"Nilijua tu," akasema. "Siku zote unaitafuta anwani yangu."