Bei ya Mwaka wa Kwanza

Fundi kompyuta wa pale stendi ya Mikumi, ukimpelekea tangazo la jina la tovuti kwa bei ya soda, halisomi. Kidole gumba chake chenye wino wa printa hushuka moja kwa moja hadi kwenye maandishi madogo, akakusomea bei ya mwaka wa pili kwa sauti ileile anayoagizia chai. Kisha huuliza, "Mchoraji umeshamwita?" Vijana wanasema anakata stimu.

Juzi alikuja Mama Hildegarda, mwenye gesti mpya barabarani, na tangazo kama hilo. Ofa ilikuwa inaisha jioni, na mchoraji alishapanda ngazi kuandika anwani ya tovuti ukutani, mabasi ya Iringa yaione. "Mwaka wa pili Mungu anajua," alisema. Fundi hakubishana. Alimwomba watoke nje, akamwonyesha ukuta wa duka lake mwenyewe. Chini ya namba ya simu kuna mstari mrefu wa rangi nyeupe, na anwani ya tovuti iliyofunikwa bado inasomeka.

"Mwaka wa pili ilinishinda kulipia, wakaichukua wengine. Ukiifungua leo, mama, wanauza viatu."

Mama Hildegarda aliisoma, akatoa simu, akampigia mchoraji. "Baba, hebu shuka kwanza."