Msusi wa Mchafukoge anayefukuza mafua mlangoni

Saa mbili asubuhi, Mchafukoge. Vidole vya Swaumu vinakimbia kichwani kwa mteja, lakini macho yake yako mlangoni, alipokaa bibi mmoja wa baibui kwenye kiti cha plastiki. Binti anaingia na mfuko wa rasta. Anapiga chafya.

"Mamii, rudi ukipona," anasema Swaumu, hata hajaacha kusuka.

"Dada, ni vumbi tu la Kariakoo!"

"Basi na hilo vumbi liache huko huko."

Wateja wanaangua kicheko. Bibi anasogeza kiti, binti anatoka akisonya. Elfu ishirini na tano hiyo, imejiondokea!

Swaumu hajuti. Jumatatu mwanawe Ummy, mwenye miaka mitatu, anafanyiwa upasuaji wa moyo. Tarehe ya kwanza ilifika mtoto akiwa na mafua, madaktari wakaahirisha. Safari hii mama kaapa. Ummy mwenyewe yuko nyuma ya pazia, anasuka mdoli. Kwenye nyumba ya kupanga watoto wote wanakohoa. Hapa angalau mlango una mwenyewe.

Mambo yalianza kama utani. Ummy akikimbia kidogo tu, anachuchumaa. Majirani wakawa wanamtania, "Bibi kizee kachoka!" Lakini mtoto hanenepi, midomo inageuka bluu. Ndipo mama mkwe wa Swaumu, Bi Maimuna, akatoa hukumu: mtoto kabemendwa. Yaani wazazi wamerudiana kitandani kabla hajaacha ziwa, ndiyo maana anadhoofika.

"Basi mume wangu Seifu akahamia sebuleni," anasimulia Swaumu, kicheko kinamtoka. "Jamani, mwanaume mzima na miguu yake mirefu, kochi la watu wawili! Na mtoto tunamwogesha mizizi. Kumbe moyo una tundu. Tundu halijali nani kalala wapi."

Aliyeshtuka ni Evarista, nesi aliyekuja kusuka siku yake ya mapumziko. Kichwa kikiwa nusu, akamwona Ummy kachuchumaa karibu na ndoo, midomo kama kala zambarau. Akasimama.

"Swaumu, beba mtoto twende hospitali."

"Na nywele?"

"Zitanisubiri!"

"Alikatiza Mnazi Mmoja upande kasuka, upande kama kakimbizwa na nyuki," anasema Swaumu. "Watu wanageuka, yeye hana habari."

Vipimo vikasema: tundu kwenye moyo, na njia ya damu ya kwenda mapafuni imebana. Kazaliwa hivyo. Hakuna aliyembemenda mtu. Seifu akarudi chumbani siku hiyo hiyo.

Na Bi Maimuna? Alinuna, kisha asubuhi moja akabeba kiti chake cha plastiki, akaja kukaa mlangoni pa saluni. Ndiye yule bibi wa baibui!

"Nilimsingizia mke wa mwanangu," anasema bila kuzungusha. "Sasa mafua yakitaka kuingia, yanipitie mimi kwanza."

Hajamaliza, Evarista huyo anakuja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti nzito?"

"Kamafua kadogo tu. Ila mimi nesi mama, najua kujikinga."

"Hata ungekuwa mganga mkuu. Geuka!"

Evarista anacheka mpaka anashika ukuta. Anavuka barabara, anampungia Ummy kutoka ng'ambo, na Ummy anapunga na mkono wa mdoli.

Kuna kitu unakiona ukimtazama vizuri mtoto huyu: binti wa msusi, lakini kichwa kimenyolewa. Swaumu hajawahi kumsuka. Kusukwa kunauma, Ummy angelia, na akilia sana anabadilika rangi, pumzi zinakata. Ndiyo maana pale hakuna anayethubutu kumliza.

"Akitoka hospitali, akapona kabisa, zile nywele naziacha ziote," anasema Swaumu, akikaza rasta ya mteja. "Halafu namkalisha hapa, kati ya magoti yangu, namsuka zile ndogo ndogo zinazouma. Atalia huyo! Nami nitamwacha alie mpaka mtaa wa pili wasikie."