Nyuzi za Besi Kwenye Sufuria ya Mlenda

Enzi zetu sisi. Najua mtu wa kidato cha sita akianza hivyo anachekesha, na baba alicheka kweli nilipomsomea mstari huu. "Enzi zenu zipi, na wewe juzi tu nimekununulia daftari?" Lakini siandiki kwa ajili ya baba. Naandika kwa ajili ya wenzangu tuliokua pamoja hapa Kinyangiri, ambao wanajua kwamba miaka mitano inatosha kabisa kitu kuwepo na kuisha.

Nakumbuka tulivyocheza rede uwanja wa shule ya msingi mpaka vumbi linakaa kwenye kope. Nakumbuka kutafuna alizeti darasani na kuficha maganda ndani ya soksi, na ugali wa mtama wa jioni ambao ukichelewa kuula unakuwa mgumu kama sabuni ya mche. Na nakumbuka nilivyokuwa na haya. Mgeni akija nyumbani nilikuwa nazunguka nyuma ya zizi, na nikikamatwa nikaambiwa nisalimie, shikamoo yangu ilikuwa haitoki. Midomo inacheza tu. Bibi alikuwa akisema, "Huyu anaamkia kama samaki." Watu walidhani nina kiburi. Sikuwa na kiburi, niliogopa tu kutazamwa.

Ndiyo maana nilipenda gitaa la besi. Kwenye kwaya yetu ya kanisa kila mtu aliangaliwa: waimbaji mbele na sare zao, Kaka Elia wa gitaa la solo akifumba macho kwa madoido, Mwalimu Msengi kwenye kinanda akiongoza kwa kichwa. Mpiga besi alisimama nyuma kabisa, karibu na spika, na hakuna aliyemtazama. Lakini akiacha kupiga, kila mtu aligeuka. Nilikiona hicho nikiwa darasa la nne, nikasema moyoni, pale ndipo pangu.

Besi yenyewe ilikuwa nzee. Ilikuja kwa kwaya ikiwa imeshapigwa na watu wengi kabla yetu. Kitufe kimoja cha sauti kilikuwa kimepotea, mahali pake tukaweka kifuniko cha dawa ya meno, na kilizunguka vizuri tu. Mkanda wa kuvalia begani ulikuwa wa suruali ya mtu. Waya wa kwenda kwenye amplifaya uliingia ukipenda, kwa hiyo tuliufunga na mpira wa baiskeli, na ilikuwa marufuku kuugusa wimbo ukishaanza. Spika ilikuwa boksi la mbao alilotengeneza fundi seremala, zito kiasi kwamba wanaume wanne walilibeba wakigombana. Ukisimama karibu nalo besi hukuisikia kwa masikio. Uliisikia tumboni. Wadogo zetu wa siku hizi wanasikiliza muziki kwa kitu kidogo kama punje ya mahindi wanachokitumbukiza sikioni, halafu wanasema wamesikia besi. Haya.

Nilijifunza kwa kumtazama mpigaji aliyekuwepo, na nyumbani nilifanya mazoezi kwenye ubao niliouchorea nyuzi nne kwa mkaa. Yule mpigaji alipohama kwenda kwa mke wake Ulemo, Mwalimu Msengi alinipa besi nijaribu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilipiga nyimbo sita bila kukosea huku nikitazama miguu yangu.

Mzee Kiula hakupenda. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya na mwimbaji wa sauti ya nne, yaani wale wanaume wa sauti nzito, na hao ndio wanaotembea na besi kuliko watu wote. Akasema mbele yangu, "Mwalimu, besi inataka mtu wa kusimama. Huyu binti hata salamu yake mimi sijawahi kuisikia."

"Vidole vyake unavisikia lakini, mzee," Mwalimu Msengi akajibu.

Wakakubaliana hivi: nipige kwenye sikukuu ya mavuno, ambapo kwaya yetu ilialikwa Ulemo. Nikifanya vizuri, nabaki. Nikiharibu, narudi kuimba sauti ya pili na besi itatafutiwa mtu mwingine. Mimi niliamua siku ile kwamba besi siiachi.

Sasa, nyuzi zilikuwa zimechoka. Jasho, vumbi, mafuta ya alizeti ya vidole vya watu wote waliotangulia. Ukipiga, sauti inatoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Kaka Elia akaniambia jinsi wanavyofanya wapigaji wa mjini. "Zitoe, zichemshe kwenye maji, zikauke juani, zirudishe. Zinakuwa mpya." Mimi nikafikiri zaidi ya nilivyoambiwa. Mama alikuwa anatia magadi kwenye mboga ya mlenda ili ulainike haraka. Nikajiuliza, kama magadi yanalainisha majani makavu, yatashindwa uchafu wa nyuzi? Jumamosi asubuhi mama alipokwenda kisimani nikachukua sufuria yake ya mlenda, nikatia maji, nikatia nyuzi zote nne zimejikunja kama nyoka, nikatia na magadi mkono mzima.

Maji yakawa meusi. Nilifurahi sana. Nilizianika kwenye kamba ya nguo, zikang'aa. Halafu nikafanya kosa ambalo Kaka Elia hakunionya: ncha za nyuzi zilikuwa na kona pale zinapozungushwa kwenye masikio ya gitaa, mimi nikazinyoosha kwa koleo ili zipendeze. Nilipokaza ule uzi mnene kuliko yote, ukakatika kwenye kona ileile. Ta! Nikabaki nimeshika kipande.

Mama akarudi. Akatazama sufuria, akanitazama mimi. Mama akikasirika anaacha Kiswahili, kwa hiyo yaliyofuata aliyasema Kinyiramba yote, na majirani wakayasikia yote. Mwisho akarudi kwenye Kiswahili ili anisisitizie: "Na mlenda wa leo utaula wewe peke yako."

Niliula. Ulikuwa na ladha ya msumari.

Uzi wa besi Kinyangiri haupatikani. Unapatikana mjini Singida, na safari ya Ulemo ilikuwa kesho yake asubuhi. Mtu mwingine angekwenda kwa Mwalimu Msengi akasema. Mimi nilifika mpaka mlangoni kwake mara mbili nikarudi. Kwa sababu ukisema, unatazamwa. Badala yake nikaenda kwa fundi pikipiki, ambaye alikuwa na faida moja kubwa, kwamba anapoongea na wewe kichwa chake kiko chini ya injini.

"Unataka waya wa klachi? Una pikipiki wewe?"

"Hapana."

"Sasa wa nini?"

"Wa gitaa."

Akatoa kichwa, akanitazama, akakirudisha. "Chukua ule pale ukutani. Mkiimba msinisahau."

Waya wa klachi una kichwa kidogo cha risasi upande mmoja, na kile kichwa kilikaa kwenye mkia wa besi kana kwamba vimezaliwa pamoja. Nikakaza. Ukashika. Kwenye amplifaya sikuujaribu, kwa sababu jenereta lilikuwa haliwashwi mpaka siku ya shughuli. Sikumwambia mtu. Na kitu kimoja sikukifikiria kabisa: waya wa klachi una grisi.

Tulikwenda Ulemo na lori, besi nimeipakata, imefungwa kwenye kitenge cha mama. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa magunia ya mtama, maboga, kuku waliofungwa miguu, na watu wengi kuliko nilivyowahi kuwaona wakikaa kimya. Tukasimama. Mwalimu Msengi akatikisa kichwa, ngoma zikaanza, nikaingia.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili nikasikia kitu. Ule waya ulikuwa unateleza kwenye sikio la gitaa kwa sababu ya ile grisi, kidogo kidogo, na kila ukiteleza sauti yangu inashuka. Kumbuka nilichosema kuhusu sauti ya nne. Wale wanaume hawakusikiliza kinanda wala solo, walinisikiliza mimi. Nikishuka, wanashuka. Kufikia kiitikio, Mzee Kiula na wenzake saba walikuwa wanaimba wimbo uleule lakini kwenye bonde, na wanawake wako juu kilimani, na katikati Kaka Elia ananikazia macho kama ananiuliza, umefanya nini wewe?

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuvuta ule waya wa kwenye amplifaya kisirisiri. Besi ingenyamaza, wote wangeona ni vyombo vyetu vibovu, na mimi ningelia uchungu kidogo na kusamehewa. Mkono wangu ulishafika kwenye ule mpira wa baiskeli. Halafu nikamwona Mzee Kiula amegeuka. Alikuwa anaimba kwa nguvu, mishipa imemtoka shingoni, ananitazama mimi nimwonyeshe njia. Yeye aliyenikataa. Alikuwa ananiamini kabisa na mimi nampoteza.

Nikasema, "Simameni!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Kwaya nzima ikanyamaza. Kukabaki mlio wa jenereta.

"Umesemaje?" Kaka Elia akauliza. Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema neno zima.

"Samahani," nikasema, safari hii uwanja mzima ukisikia. "Kosa ni langu. Uzi wangu wa besi si uzi, ni waya wa klachi, nao umelegea. Niliukata ule wa kweli nyumbani nikaficha. Naomba niutoe tuanze upya."

Watu wakacheka, wengine wakaguna. Mama mmoja wa Ulemo aliyekaa mbele na kapu lake akapaza sauti, "Mwacheni binti atengeneze, sisi hatuna haraka, nyama yenyewe haijaiva!"

Niliutoa ule waya, nikabaki na nyuzi tatu. Zile sauti zilizokuwa zinakaa kwenye uzi mnene nikazitafutia mahali pengine juu ya shingo ya gitaa, nikiwaza kwa haraka kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Nikainua kichwa. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, sikutazama miguu. Nilimtazama Mzee Kiula nikamwonyesha kwa kidevu: sasa. Sauti ya nne wakaingia wote nane kama mtu mmoja, na tuliuimba ule wimbo mpaka kuku waliofungwa wakaanza kupiga kelele.

Baada ya chakula Mzee Kiula akaniita.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Ikasikika.

"Marahaba." Akafuta mikono kwa leso, polepole. "Mimi nimeimba na wapiga besi watano. Wote wameniharibia kwa nyakati tofauti. Wa kwanza nikamuuliza nini, akasema jenereta. Wa pili, jenereta. Mpaka wa tano, jenereta." Akatikisa kichwa. "Uzi utaagizwa mjini. Funguo za stoo ya vyombo zitakaa kwenu."

Nilipiga besi miaka mitatu baada ya pale. Harusi, vipaimara, mialiko ya Iguguno na Nduguti, mvua ikitunyeshea juu ya lori tukiwa tumelifunika boksi la spika na sisi wenyewe tumelowa. Halafu nikaenda shule ya bweni.

Likizo hii nimekuta vyombo viko stoo. Kwaya inaimba na flashi. Kijana mmoja wa kidato cha pili anaichomeka, anabonyeza, muziki mzima unatoka, ngoma, solo, besi, vyote safi, havina kikohozi. Halafu anarekodi kwa simu. Jumapili iliyopita mwimbaji anayeongoza alisahau ubeti wa tatu. Flashi ikaendelea. Kwaya ikaikimbilia kwa nyuma, kila mtu kivyake, wakaifikia mwishoni wakihema, na wakatabasamu kwenye simu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimuuliza yule kijana kwa nini hakuisimamisha. Akanishangaa. "Dada, ukisimamisha si watu watajua mmekosea?"

Nimezungumza na Mwalimu Msengi, kwa sauti, mbele ya watu. Nimemwambia Jumamosi zote za likizo naomba vyombo vitolewe nje, na nitamfundisha yeyote atakayekuja. Amesema watoto wa sasa hawana subira hiyo. Inawezekana. Jumamosi ya kwanza walikuja wawili, na mmoja alikuja kuchaji simu kwenye jenereta. Jumamosi ijayo nitakuwepo tena.

Zamani mtu mmoja akipotea, kwaya nzima ya watu thelathini ilisimama kumsubiri. Sasa muziki umekuwa mzuri sana, na haumsubiri mtu.